Asilimia Tisini na Moja

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa imeshachoka kabla sijaijua. Ilitoka Ubelgiji ndani ya kontena la mitumba, ikanunuliwa na fundi mmoja wa Buyenzi, ikafunguliwa, ikasafishwa kwa brashi ya viatu, ikafungwa tena, na mwisho ikaletwa nyumbani kwangu Ngagara, mjini Bujumbura, juu ya baiskeli, imekazwa kwa mipira kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Vita vilikuwa na miaka tisa au kumi. Mimi nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja tu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali huko Rohero, na sikujua la kufanya na asubuhi zangu.

Niliiweka kwenye kona ya chumba cha kulala, juu ya meza niliyozoea kupigia pasi. Majirani walipojua, wakaanza kuja na barua zao: maombi ya kazi, maombi ya shule, maombi ya kurudishiwa nyumba iliyokaliwa na watu wengine walipokimbia. Nikaandika, nikachapa, nikawapa. Nilijiona mtu wa maana. Nasema hivyo kwa sababu kila kilichofuata kilianzia hapo.

Chini kulia kwenye kioo kulikuwa na kidirisha kidogo kilichojitokeza chenyewe. Kiliandika kwa Kifaransa kwamba kuna masasisho mapya, mise à jour, na kwamba inapendekezwa niyapokee. Mtu mwingine angekifunga na kuendelea na kazi yake. Lakini mimi nilikuwa nimepokea nyaraka za wakubwa maisha yangu yote, na katika nyaraka za wakubwa neno "inapendekezwa" lina maana moja tu. Likija, unatekeleza, kisha unaweka nakala kwenye faili.

Kwa hiyo nilitekeleza. Sasisho la kwanza lilibadilisha mpangilio wa kibodi, herufi A ikahamia palipokuwa na Q, na kwa wiki mbili niliandika barua za majirani nikiwa natafuta herufi kama mtu anayeokota mchele gizani. La pili liliifanya printa isitambuliwe tena. Ilikuwa pale pale, karibu na kiwiko changu, lakini kompyuta ilisisitiza kwamba hakuna printa. La tatu lilikuja kurekebisha la pili na likaondoa sauti.

Fundi wa Buyenzi alikuja kila mara, akakaa, akanywa chai, akarekebisha. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila hayo machache aliyasema bila kuyapunguza.

"Muzee, hii mashini ilikuwa sawa."

"Imesema inapendekezwa."

"Nani amesema?"

"Imeandikwa hapo."

"Wallahi, hata mi nikiandika hapo kwamba unipe mke wako, utanipa? Kifunge hicho kidirisha. Mashini haina homa, weye ndiye unaitafutia."

Sikukifunga.

Inabidi nieleze habari ya simu, kwa sababu ndiyo yenyewe. Mtaani kwetu ilikuwa imebaki nyumba moja tu yenye simu ya waya, nayo ni yangu. Wengine walikuwa wamehama na simu zao zikafa. Simu za mkononi zilikuwepo mjini, lakini mtaani kwetu zilikuwa za kutazamwa tu zikipita. Basi simu yangu ilikuwa ya mtaa mzima. Aliye mbali akipiga, anataja anayemtaka, anakata, mtu anatumwa kumwita, na baada ya dakika kumi yule wa mbali anapiga tena. Mara nyingi laini zilikuwa mbovu na simu haikuingia hata mara ya nne. Mtu alipiga tu, akapiga, mpaka ikaingia. Sikuwahi kumjua mtu aliyepiga mara chache akaacha. Lishikeni hilo, kwa sababu mimi nililishika kupita kiasi.

Intaneti nayo ilipita kwenye waya uleule. Nilitoboa tundu ukutani kati ya sebule na chumba cha kulala, nikaupitisha. Kompyuta ikishika laini, simu ya sebuleni haikulia wala haikupiga. Aliyepiga kutoka nje alisikia mlio wa simu inayotumika. Hilo tulilijua mimi na mke wangu na yule fundi. Kwa mtu mwingine yeyote, simu ilikuwa simu, imekaa juu ya kitambaa chake cha kufuma.

Kisha kompyuta ikaanza kujizima. Kila nilipoiunganisha, ilinipa dakika moja, ikahesabu kurudi nyuma kwa utulivu, ikazima. Fundi akasema ni kirusi, na dawa yake ni sasisho moja kubwa. Akanionyesha namna ya kuzuia ule uzimaji kwa muda, ili niweze kulipokea, kisha akatikisa kichwa. Kwa laini yetu lingechukua saa tano bila kukatika hata mara moja. Likikatika, linaanza mwanzo.

"Subiri Jumatano," akasema. "Nina rafiki yangu ofisini kwao wanayo kwenye disiki. Nitakuletea mukononi."

Ilikuwa Alhamisi. Jumatano ilikuwa siku sita mbele. Nilijaribu mara tatu kabla ya Jumapili.

Mara ya kwanza umeme ulikatika kwenye asilimia arobaini. Mara ya pili mke wangu aliinua simu ili ampigie dada yake wa Kigobe, na ikawa basi. Mara ya tatu ilikuwa jioni, na mizinga ikaanza kusikika kutoka milimani. Tulikuwa na desturi, milio ikikaribia, ya kulala chini kwenye korido ambako hakuna dirisha. Mke wangu alikuwa ameshalala chini. Mimi nilikuwa bado mezani.

"Mutama," akaniita. Ndivyo alivyoniita tangu nistaafu, yaani mzee kwa Kirundi, na hakukusudia heshima. "Watu wanajificha."

"Imebaki kidogo."

"Weye ndiye umebaki kidogo. Ukifa hapo nitawaambia watu kwamba ulikuwa kwenye asilimia ngapi?"

Nilikuwa kwenye asilimia sitini na nne. Laini ikafa yenyewe, nikaenda korido.

Katika nyumba iliyopakana na yetu alikaa mama mmoja kutoka Uvira, upande wa Kongo, muuza vitenge. Alikuwa amevuka mpaka miezi kumi nyuma, mapigano yalipoingia mjini kwao mchana akiwa sokoni. Binti yake, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa nyumbani kwa shangazi yake upande wa pili wa mji. Kila mmoja alikimbilia alikoweza. Kwa miezi hiyo kumi yule mama hakujua kama binti yuko hai, na aliuza vitenge, na alitania watu, na siku ya Jumapili alikaa mlangoni bila kufanya kitu.

Mwezi ule mfanyabiashara mmoja wa dagaa, aliyekwenda na kurudi Kigoma kwa boti, alimwambia amemwona binti. Mzima, yuko na shangazi na mume wa shangazi. Mimi ndiye niliyeandika namba yangu ya simu kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, nikamkabidhi yule mfanyabiashara ampelekee. Aliporudi alileta jibu: Jumapili saa tisa mchana binti atapiga kutoka kwenye kibanda cha simu. Jumatatu asubuhi mume wa shangazi anawapeleka wote Zambia kwa meli, ana ndugu yake huko. Binti anataka kusikia kwa mdomo wa mama yake kama aje Bujumbura au aende nao. Mama akisema njoo, atabaki Kigoma na kupanda boti ya Bujumbura. Asiposikia kitu, atakwenda.

"Mi nitamwambia neno moja tu," yule mama akaniambia, kwa Kiswahili cha kwao ambamo njoo ni kuya. "Kuya. Basi. Hata laini ikikatika, hilo litakuwa limefika."

"Nitahakikisha laini iko wazi," nikasema. Nilisema hivyo, kwa maneno hayohayo.

Jumapili nilitoka misa ya kwanza nikapiga hesabu. Ofisi zote zimefungwa, laini haina watu. Saa mbili asubuhi kujumlisha saa tano ni saa saba mchana. Itabaki saa mbili nzima kabla ya simu ya binti. Mke wangu alikuwa amekwenda Kigobe, dada yake alikuwa amejifungua, kwa hiyo hakuna wa kuinua simu. Nikaunganisha.

Saa nne kasoro umeme ukakatika. Ukarudi baada ya dakika ishirini. Hapo hesabu ilikuwa imekataa, maana saa nne na dakika kadhaa ukijumlisha tano unaangukia palepale saa tisa, na karani wa miaka ishirini na saba hahitaji karatasi kuliona hilo. Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Nikaunganisha tena. Nilijiambia kwamba leo laini ina kasi.

Saa nane na nusu yule mama aliingia. Alivaa kitenge cha kijani kipya, alichokuwa amekataa kukiuza, na kilemba chake. Nikamkaribisha sebuleni, akavuta kiti mpaka karibu na simu, goti lake likagusa kimeza. Nikampa chai.

"Kama natetemeka usinicheke, Muzee."

"Sikucheki, Mama."

"Mwaka muzima sijasikia sauti yake. Labda imebadilika. Nitamjua?"

"Utamjua."

"Na weye kaa hapa basi."

"Nakuja. Kuna kazi ndogo namalizia."

Nikaingia chumbani. Ilikuwa asilimia themanini na nane. Kompyuta iliandika kwamba zimebaki dakika kumi na mbili.

Saa tisa kamili ilikuwa asilimia tisini na moja, na zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Nilikuwa na kitufe cha kukata mbele yangu. Kilikuwa na maandishi yake yanayosomeka vizuri. Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya. Nataka niseme nilichofikiri, kwa sababu nimekuwa na muda mrefu wa kukikumbuka: nilifikiri, atapiga tena. Watu hupiga tena. Mtaani kwetu simu haijawahi kuingia mara ya kwanza, yeye ataona ni laini mbovu, atasubiri dakika kumi, atapiga. Na mimi nikikata sasa, naanza sifuri, mara ya sita.

Kutoka sebuleni nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani chake.

Saa tisa na robo, asilimia tisini na tatu. Saa tisa na nusu, tisini na nne. Yule mama aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "Muzee, saa yenu iko sawa?" Nikamjibu kwamba iko sawa. Saa kumi na dakika tano sasisho likakamilika, kompyuta ikaniomba ruhusa ya kujizima na kujiwasha, nikairuhusu. Nikachomoa waya, nikaenda kukaa sebuleni kama nilivyokuwa nimeahidi. Tukaitazama simu mpaka saa kumi na mbili.

Haikulia.

Yule mama akainua mkono wa simu, akausikiliza.

"Mbona kwetu inalia vizuri?"

"Ya kwetu ni nzima," nikasema. "Ya Kigoma ndiyo mbovu. Ni vita, Mama. Laini zimeharibika kila mahali."

Hakukuwa na vita Kigoma. Lakini miaka ile neno hilo lilimaliza maswali yote. Mtu akichelewa, ni vita. Sukari ikikosekana, ni vita. Hakuna aliyekwenda kuchunguza.

Akanishukuru kwa kukaa naye. Akaondoka haraka, muda wa kutotoka nje ulikuwa unakaribia.

Mke wangu alikuwa amerudi na kutukuta tumekaa pale. Alipomaliza kufunga mlango aliingia chumbani, akautazama ule waya sakafuni, akarudi.

"Ulikuwa umechomekwa?"

"Ulikuwa."

"Saa tisa?"

"Saa tisa."

"Utamwambia," akasema.

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Kesho yake yule mama alituletea sahani ya samaki, mukeke mmoja mzima wa kuchoma, shukrani kwa usumbufu. Mke wangu alisema hana njaa. Mimi nilimla. Na kompyuta ilifanya kazi vizuri. Sijawahi kuona kompyuta ikifanya kazi vizuri namna ile. Fundi alikuja Jumatano na disiki yake, akakuta haina kazi, akanipongeza.

Miezi saba baadaye barua ikafika kutoka Zambia. Yule mama hakujua kusoma, na katika mtaa mzima, barua zilisomwa kwangu. Alikuja nayo mchana, bado imefungwa, ameishika kwa mikono miwili. Tukakaa kwenye viti vilevile.

Nilisoma kwa sauti. Binti ni mzima. Alipanda meli na shangazi. Kuna baridi asubuhi. Anashona kwenye duka la mtu. Kisha nikafika kwenye mistari minne katikati ya ukurasa, nikaiona kabla ya kuitamka, na macho yangu yakaruka mpaka aya iliyofuata, iliyohusu bei ya unga. Miaka ishirini na saba ya kusoma nyaraka inamfundisha mtu kuruka bila sauti yake kujikwaa.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena, nikaruka palepale.

Alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua.

"Huyu mutoto namjua mi, nilimuzaa. Hajasema kama alipiga ama hakupiga. Yeye angesema."

"Labda alisahau."

"Apana. Yeye hata ukimunyima chumvi anakukumbusha miaka mitano. Angalia vizuri, Muzee. Labda ni nyuma ya karatasi."

Haikuwa nyuma ya karatasi. Ilikuwa chini ya kidole gumba changu. Nikakiondoa nikasoma:

"Mama, siku ile nilipiga mara saba. Kila mara simu ilikuwa inatumika. Mwenye kibanda akasema huko kuna watu wanaongea. Shangazi akasema, kama mama yako anaongea na watu wengine saa ileile uliyompa, basi ameshazoea kukaa bila weye. Zamu yangu ikaisha, nikaondoka."

Alinitazama, hajakasirika bado, anajaribu tu kuelewa.

"Watu gani? Mulikuwa munaongea na nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni kompyuta. Inatumia waya mmoja na simu."

"Mi nilikuwa nimekaa hapa."

"Ndiyo."

"Hapa kwa simu."

"Ndiyo."

"Na haikuweza kulia."

"Haikuweza."

"Na weye ulijua."

"Nilijua."

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Hakunisaidia, wala hakupaswa.

"Sasa hiyo mashini yako," yule mama akasema pole pole, "ilikuwa inakuambia nini cha maana hivyo?"

"Ilikuwa inaniambia zimebaki dakika kumi na mbili."

"Na zilikuwa zimebaki kumi na mbili?"

"Hapana. Ilikuwa zaidi ya saa nzima."

Akanyoosha mikono, nikampa barua. Aliikunja kwa mikunjo yake ileile, akaitia kifuani, akatoka. Nilisikia anasema peke yake kule nje, kwa sauti ya kawaida, "Mara saba." Barua zake zilizofuata zilisomwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa nyumba ya tatu. Nilijua zimefika kwa sababu nilimwona akipita nazo mbele ya mlango wangu.

Nilimwandikia binti. Kwa mkono, si kwa mashine. Ilikuwa nusu ukurasa, kwa sababu nilipoondoa visingizio hakukubaki zaidi ya hapo: mama yako alikuwa amekaa kando ya simu tangu saa nane na nusu, alitaka kukuambia uje, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika laini. Nikaituma. Sikujibiwa, na sikutegemea.

Mwaka uliofuata, njia ya ziwa ilipotulia, yule mama aliuza vitenge vyake vyote na kwenda Zambia kwa meli ya mizigo. Binti alikuwa ameshaolewa huko na hangerudi tena. Nilimbebea begi mpaka bandarini, naye aliniacha nilibebe. Kabla ya kupanda alimpa mke wangu namba ya simu ya nyumba ya mkwewe, iliyoandikwa na mwalimu. Kisha akanigeukia mimi.

"Muzee, nawe siku moja utanipigia?"

"Nitapiga, Mama."

"Ukipiga ukikuta inatumika, usikasirike. Ujue naongea na mashini."

Mke wangu alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi niliomba msamaha pale, mbele ya wapakiaji wa mizigo, jambo ambalo nilipaswa kulifanya sebuleni kwangu miaka miwili nyuma. Akasema amesikia. Akapanda.

Ilinichukua miezi minne kupiga. Nilichomoa waya wa kompyuta kwanza, ingawa kompyuta ilikuwa imezimwa. Simu iliingia mara ya kwanza. Aliyepokea alikuwa mwanamke kijana, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Nani?"

"Ni jirani wa mama yako. Yule wa Bujumbura, wa Ngagara."

Nilisikia mtoto, na redio mahali fulani.

"Ah," akasema. "Ni weye."

"Ni mimi."

"Mama yuko nje anaanika nguo. Usikate."

"Sikati," nikasema, nikasubiri.